Barua kwa Atupele kabla hajapanda gari la Tunduma

Atupele mwanangu, marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Sisi huku Uyole wazima, baridi tu ndo imeamua kutumaliza, na Lusajo kikohozi hakijaisha ila anakula kama kawaida kwahiyo sijiumizi kichwa. Naandikia simu yake, yangu kioo kimepasuka.

Ile video ya pale stendi, ukigombana na kaka wa bodaboda anayejaza petroli, nimeiona. Imenifikia kwenye grupu la ukoo, sio wewe uliyenitumia, na hilo tutaongea. Nimeiangalia mara nne. Mara ya kwanza nilimwangalia tu yule kaka wa bodaboda na dumu lake, mara ya pili ndo nikaiona sigara, kaificha nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyefumwa na mwalimu, mara ya tatu nikaona petroli inavyofurika kwenye tanki inachuruzika mpaka kwenye miguu ya lile benchi alipokaa mtoto mwenye sweta la shule, na hatua chache tu kutoka hapo mama wa chipsi anapepea mkaa wala hana habari. Mara ya nne nikaona mkono. Ule mkono wenye saa niliyokununulia ulipomaliza chuo. Uko kifuani kwa yule mtu unamsukuma. Mtu ana petroli mkono huu na moto mkono huu, na mwanangu anamsukuma!

Kupiga 114 ya zimamoto ulifanya vizuri, nakwambia mapema usije ukasema mama hajawahi kunisifia. Watu wote wale stendi, wanaume na suti zao, kila mtu anasogeza begi lake tu, anayechukua simu akapiga ni wewe. Nilimwonyesha mama Gwamaka nikamwambia huyu ni wa kwangu. Ila ungepiga ukiwa mbali. Kwanini hukukaa mbali?

Afu hayo maneno ya baba yako mdogo kwenye grupu, eti umewachomea utambi vijana wanaotafuta riziki, usiyajibu. Utambi! Mtu kashika dumu la petroli na sigara halafu anayechoma utambi ni wewe uliyeshika simu. Nilitaka kumjibu mimi nikafuta, ni mkubwa kwenye familia na bado tunamdai hela ya bati.

Sasa sikiliza. Huko Tunduma unakokwenda sio stendi ya kushukia na kuondoka, utakuwa unaishi nayo. Foleni ya malori unaijua, na humo kwenye foleni kuna matenki yanakwenda Zambia na Kongo, na penye tenki limesimama usiku hapakosi mtu na mpira wake ananyonya mafuta. Wale sio wa kuwaambia kaka acha. Yule wa bodaboda ni mzembe, hawa ni kazi yao na hawapendi kuonwa. Ukiwaona usipige picha, usisimame, pita kama vile hujaona, ingia ndani, funga mlango, ndo upige 112 ya polisi, na zimamoto 114. Unanisikia? Pita kwanza.

Na ukipiga anza na mahali. Nilikusikia kwenye video unamwambia yule wa kwenye simu "jamani njooni kuna mtu huku anataka kutuua", sasa huku ni wapi, yeye anajuaje? Sema uko mji gani, stendi gani, upande gani, karibu na kitu gani ambacho hata mgeni anakiona, afu ndo useme ni petroli na iko kwenye nini, na kama kuna jiko au mtu anachomelea jirani, na watu ni wengi kiasi gani. Namba ya pikipiki ukiisoma kwa mbali itaje, usipoisoma basi, usisogee kuisoma. Kama ni sheli mwambie mhudumu kwanza, wao wana swichi ya kuzima pampu. Kama ni kwenye basi, maana makonda wengine wanapakia dumu la petroli kwenye buti chini ya miguu ya watu wanaita mzigo wa mteja, mwambie konda, akikujibu jeuri shuka, nauli nitakurudishia, afu mtafute trafiki wa hapo ukiwa umeshashuka. Umeshashuka, sio ukiwa mlangoni unabishana.

Alikuja afande mmoja wa zimamoto pale sokoni, tulikaa kwenye viroba vya viazi tukamsikiliza tukidhani atamaliza dakika kumi, akakaa mpaka saa saba. Mimi siku zote nilijua petroli inaogopwa ikiwa na joto, sisi wa huku kwenye baridi tuna nafuu. Kumbe hakuna nafuu. Anasema petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa hii ya Uyole mwezi wa saba ni nini. Na kinachoshika moto ni huo mvuke, afu ni mzito kuliko hewa, haupandi juu kama moshi, unatambaa chini chini kama maji usiyoyaona, unaingia chini ya meza, unafuata lilipo jiko. Kwahiyo mtu anakwambia mbona jiko liko mbali, jiko liko mbali lakini mvuke unatembea. Na ikiwaka usimwagie maji, petroli inaelea juu ya maji inakwenda nayo, ni mchanga au mtungi wa unga. Alivyosema hayo ya chini ya meza nikanyanyuka nikasema nakwenda kuangalia mzigo wangu. Sikuwa na mzigo.

Maana ile meza yangu pale karibu na mashine ya kusaga unaikumbuka. Na ulikuwa unafanyia homuweki hapo hapo. Zile chupa za petroli za lita moja nilizokuwa nauza mimi nilikuwa naziona ni chupa tu, watu wa bodaboda walikuwa wanazitaka, sheli iko mbali, na ada ya Form Two haikutoka mbinguni Atupele. Kuna mtu alikuja akasema ataniripoti na mimi nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakuwa mtu mbaya yule. Nadhani alihamia Igurusi. Ya shangazi yako na koroboi siyarudii, wewe ndo ulikuwa umeshika tochi.

Ndo maana nasema yule kaka wa stendi ukimfuata usoni haoni unamwokoa, anaona unamwaibisha mbele ya wateja wake na unamnyima hela ya siku, na mtu wa namna hiyo mkono wake haujui utafanya nini. Mimi nimekuwa mtu wa namna hiyo.

Na hiyo video, mwambie Neema aliyeirusha aitoe. Sura ya yule kaka iko kwa watu sitini wa ukoo na sijui wamewatumia wangapi, na sauti yako imo ndani unaitaja mpaka ofisi unayokwenda kuanza kazi Tunduma. Umemripoti kwa wanaohusika imetosha, kwa wajomba wa Kyela inasaidia nini? Namba ya pikipiki wape polisi. Grupu tupe picha za graduesheni, bado tunazingoja.

Najua utasema mama unaogopa kila kitu. Naogopa. Msamvu pale Morogoro ilikuwa Jumamosi asubuhi, tarehe 10 Agosti 2019, tenki limeanguka watu wakakimbilia na madumu, wakafa zaidi ya 100, na hapo kila mmoja alikuwa anajua petroli inawaka. Na kwani sisi tuna haja ya kwenda Morogoro, Idweli, nako tenki liliua watu, ni hapo juu tu kwenye barabara ya kwenda Tukuyu kwenu, kila nikipita na Coaster watu wazima wananyamaza. Tenki likianguka Tunduma wewe kimbia, uende kule upepo unakotoka, hata kama jirani yako anakimbia na ndoo kuelekea. Mpigie kelele arudi lakini miguu yako iwe inaondoka. Miguu yako Atupele.

Lusajo na yeye. Alikuwa anatembea na chupa ya petroli kaining'iniza kwenye boda yake eti ya dharura. Juzi nimeitoa nikamwaga mbali kule kwenye changarawe, kanuna siku mbili, anasema dada karipoti watu na mama sasa anaripoti mtoto wake. Nikamwambia kesho nikiiona tena nakupeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiwe chenu. Sijui kama kweli ningeweza. Anajaza sheli sasa hivi, na abiria anamshusha kwanza, nimemwona kwa macho yangu, ingawa pengine ni kwa sababu aliniona nimesimama.

Viazi bei imelala, wanunuzi bado wanataka lumbesa na sisi bado tunawapa. Ile mbuzi yenye pembe moja imezaa mapacha. Maparachichi ya shamba la chini nimemwachia Mzee wa jirani ayaangalie kwa nusu, usikasirike, mgongo wangu hauwezi kile kilima. Fundi wa choo kala hela kapotea, anasema yuko Chunya. Sweta zito nimekuwekea pembeni ya begi, Tunduma usiku kuna baridi usidanganywe na jua la mchana, na chumba ukipata uliza kwanza jirani anauza nini mlangoni kwake. Kama ni chupa tafuta chumba kingine, usianze kumwelimisha siku ya kwanza.

Ukifika nibipu hata usiku, nitapiga mimi, vocha ninayo.

Lile dumu la njano lililokuwa uvunguni nimelikata katikati nimepandia vitunguu majani, yamekaa nje mlangoni. Lusajo anasema yatanuka petroli. Tutaona.

Mama