Barua ya malalamiko: mmeikata tamthilia ya majasusi pale pale inapoeleweka

Mwendeshaji redio wa meli (mstaafu),
Tanga.

Kwa Meneja wa Vipindi,
Kampuni ya Televisheni ya Kulipia,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATWA KWA SEHEMU YA TANO NA KUTORUSHWA KWA SEHEMU YA MWISHO YA TAMTHILIA YA MAJASUSI WA UHOLANZI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi, wa kifurushi kikubwa, na sijawahi kungoja mnitumie ujumbe wa kunikumbusha kulipa. Sina mazoea ya kuandika barua za namna hii. Picha ikikatika dakika ya themanini ya mechi kwa sababu ya mvua, nanyamaza. Mvua si yenu. Lakini mliyoyafanya kwenye tamthilia ya saa tatu usiku hayakuletwa na mvua. Kuna mtu aliketi, akatazama, akachagua pa kukata. Naomba huyo mtu asomewe barua hii.

Na tamthilia yenyewe sina ugomvi. Walioitengeneza wamejituma: mavazi, magari, madirisha yaliyozibwa mwanga usitoke nje, hata baiskeli za Uholanzi zimekaa sawa. Majina ya wahusika wameyabadilisha, ila aliyesoma kidogo habari za Vita vya Pili vya Dunia anajua fika kwamba yule kijana wa redio ni Huub Lauwers. Huyu alifunzwa na SOE, idara ya siri ya Waingereza iliyoanzishwa 1940 kupeleka watu wa hujuma kwenye nchi zilizotekwa na Wajerumani. Aliingizwa Uholanzi Novemba 1941 pamoja na mwenzake Thijs Taconis. Taconis alikuwa mtu wa baruti, Lauwers mtu wa mawasiliano. Tarehe 6 Machi 1942 Lauwers akakamatwa mjini The Hague, mfukoni akiwa na ujumbe uliokwisha kufumbwa unaosubiri kutumwa. Meja Hermann Giskes wa Abwehr, yaani ujasusi wa jeshi la Ujerumani, akamtaka arudi kwenye mashine yake aendelee kuzungumza na London kana kwamba yuko huru.

Lauwers akakubali. Kwa nini mtu jasiri akubali upesi hivyo? Jibu lake ndilo tamthilia nzima, na ndilo mlilolikata.

Kabla ya kuondoka Uingereza, kila mpiga redio alipewa alama yake ya siri. Ya Lauwers ilikuwa kukosea kwa makusudi kila herufi ya kumi na sita. Ujumbe ukifika London ukiwa safi, hauna kosa hilo, maana yake mtu yuko mikononi mwa adui, asiaminiwe. Kwa hiyo kijana aliona kuwa kupiga ujumbe ule ndiyo njia yake ya kupiga yowe. Wajerumani akawadanganya kuhusu alama, akatuma ujumbe usio na kosa lile la kweli, akangoja London ishtuke. London haikushtuka. Ilijibu, ikapanga kudondosha watu wengine, na waliodondoshwa wakapokelewa na Giskes.

Sasa nitaeleza mlichokata, maana nimekiona. Mlirusha marudio saa nane usiku, kwa sauti ya Kiingereza, bila kuguswa. Wazee hatulali sana, nikayatazama. Katika marudio hayo kijana ameketi mezani, kiganja juu ya kile kishikio cha kupigia. Pembeni yake yupo fundi wa Kijerumani, amevaa visikizio, anafuata kwenye karatasi herufi baada ya herufi kwa ncha ya penseli. Anapofika pale pa kukosea, kidole cha kijana kinasita kidogo sana, kiasi ambacho asiyeijua kazi hawezi kukiona, kisha anapiga herufi sahihi. Picha inahamia Uingereza. Binti amepokea ujumbe, anahesabu herufi, anarudia kuhesabu, anaandika pembeni ya karatasi kwamba alama haipo, anainuka kuipeleka kwa mkubwa wake. Mkubwa yuko kwenye simu. Anaipokea bila kumtazama, anaiweka mezani na kuegesha kikombe cha chai juu yake. Hakuna neno linalosemwa. Ni dakika sita hivi, na nathubutu kusema katika tamthilia nzima hakuna dakika zenye thamani kuzishinda.

Kwenye matangazo yenu ya saa tatu, yenye sauti za Kiswahili, kijana anavuta kiti akae. Linaingia tangazo la kubashiri mechi, linafuata la sabuni ya unga, kisha tunarudi ndege ikiwa angani inamwaga watu kwa miavuli na Wajerumani wanawasubiri chini na tochi. Mke wangu akauliza, "Kwani hawa Waingereza wana nini? Si mtu wao kakamatwa juzi?" Swali la haki kabisa. Nilifanya kazi ya utangazaji sebuleni kwangu hadi kipindi kikaisha, nikikosa yanayosemwa huku naeleza yaliyofichwa.

Nilipopiga simu niliambiwa kipande kiliondolewa kwa sababu za maadili, kwamba saa tatu watoto bado wako macho na kulikuwa na mateso. Mateso gani, ndugu? Mle hakuna kofi, hakuna tusi, hakuna hata aliyepandisha sauti. Kuna mtu, mashine na penseli. Ilhali katika sehemu ya tatu mliacha mtu apigwe risasi uchochoroni na damu ikatiririka kwenye mawe hadi mtaroni, saa hiyo hiyo ya tatu. Kama maadili ndiyo kipimo, basi mizani yenu ina hitilafu. Mimi naona mlihitaji dakika sita za matangazo, mkatafuta mahali ambapo watu hawaongei, mkadhani hapana kitu.

La pili ni sauti. Nilikuwa mwendeshaji redio baharini hadi meli zilipoachana rasmi na Morse, ile lugha ya nukta na vistari, mwaka 1999, na sikio langu bado linasoma lenyewe, nitake nisitake. Kwenye marudio ya usiku, Morse inayosikika ni Morse ya kweli, unaifuata herufi kwa herufi. Kwenye toleo lenu la Kiswahili mmeifuta mlipokuwa mnaingiza sauti za waigizaji, mkaweka mlio wa "ti-ti-ti-ti" usiosema lolote, kama jogoo wa saa ya mezani. Mtasema, nani atajua? Watazamaji wengi hawatajua herufi, nakubali. Lakini kila mpiga Morse ana mkono wake, kama mtu anavyokuwa na mwandiko: huyu huvuta kistari, yule hukimbiza nukta, mwingine hupumua kidogo kabla ya namba. Ndiyo sababu mwanzoni Wajerumani walimkalisha Lauwers mwenyewe badala ya kumweka mtu wao. Na waliotengeneza tamthilia wamemfanya yule kijana apige kwa haraka alipokuwa huru na kwa uzito alipokuwa mfungwa. Hilo hata mjukuu wangu asiyejua Morse alilisikia kwenye marudio, tena bila kuambiwa. Baadaye, Lauwers alipojaribu kupenyeza habari ya kukamatwa kwake ndani ya zile herufi za kujazia ujumbe, tukio zima liko masikioni. Huonyeshwi kitu zaidi ya uso wake. Kwenye toleo lenu tulitazama uso wa mtu na kusikiliza jogoo wa saa.

Kuna na lile tangazo lenu la kunadi tamthilia, linalopita kila nusu saa, likiwa na mwanamke wa gauni jekundu na bastola ambaye mpaka leo sijamwona katika sehemu yoyote: "Kisa cha kweli cha majasusi waliomchezea Hitler." Mmepindua habari miguu juu. Aliyechezewa ni London. Wajerumani wenyewe waliuita mpango huo Englandspiel, yaani mchezo wa Uingereza, na uliendelea karibu miaka miwili. Watu wapatao 50 walidondoshwa wakaangukia mikononi mwa Giskes na wenzake, pamoja na silaha, fedha na mitambo mingine ya redio, ambayo nayo Wajerumani waliitumia kuagiza watu zaidi. Leo Marks, aliyesimamia mafumbo pale SOE, aliingiwa na shaka kwa jambo ambalo mpiga redio yeyote angelicheka: wapigaji wa Uholanzi hawakosei kamwe. Watu wanaojificha darini, wanapiga kwa baridi huku wakisikilizia gari la msako, halafu ujumbe wao wote unafumbulika bila taabu? Wa nchi nyingine walikuwa wanakosea kila mara. Alisema, hakusikilizwa vya kutosha.

Wawili kati ya wafungwa, Pieter Dourlein na Ben Ubbink, walitoroka kutoka gereza la Haaren Agosti 1943, wakapita Uswisi na Hispania hadi Uingereza kwenda kutoa habari. Giskes akawawahi. Alitumia redio hizo hizo kuwaambia Waingereza kwamba hao wawili wamegeuka, ni watu wa Gestapo sasa, polisi wa siri wa Hitler. Walipofika, Waingereza wakawafunga. Hayo mnayaita kumchezea Hitler? Msimwuzie mteja ushindi ambao haumo kwenye kisa. Wapo wanaopenda kutazama kisa cha kushindwa, wengine tumelipia hicho hicho.

Nije kwenye sehemu ya mwisho. Ilitangazwa, ikaandikwa kwenye ratiba ya king'amuzi, nikaweka alama ya kukumbushwa. Saa tatu ilipofika tukaletewa wachambuzi wanne wanabishana juu ya usajili wa wachezaji. Hakuna maandishi chini ya skrini ya kuomba radhi, hakuna tarehe mpya. Marudio ya saa nane usiku nayo yakarudia sehemu iliyotangulia. Wiki iliyofuata, muda huo huo, ilianza tamthilia mpya ya mapenzi. Yaani mmetuachia watu wale gerezani na mkafunga mlango. Kisa cha kweli kina mwisho wake: tarehe 1 Aprili 1944 Giskes, akijua mchezo umekwisha, aliwatumia wakubwa wa London ujumbe wa wazi usiofumbwa, wa kuwadhihaki kama mfanyabiashara anayeagana na washirika wake. Septemba mwaka huo zaidi ya 40 kati ya wale waliokamatwa, Taconis miongoni mwao, waliuawa katika kambi ya Mauthausen nchini Austria. Lauwers akabaki hai, akaishi na hayo miaka mingi baada ya vita. Nilitaka kuona waigizaji wale wangeibebaje saa hiyo ya mwisho.

Kuhusu huduma kwa wateja nitasema kidogo. Binti aliyepokea simu alikuwa na adabu, alinipa shikamoo na pole zote, na simlaumu. Lakini nilipomweleza kwamba sehemu ya mwisho haikurushwa, alinielekeza nizime king'amuzi, nichomoe kadi, niifute, nisubiri, niwashe tena. Nilimtii kwa heshima. Wachambuzi wa usajili walikuwa bado wanabishana. Barua pepe niliyotuma baadaye ilijibiwa kwa maelezo ya namna ya kulipia kifurushi kwa simu.

Sitaki kurudishiwa fedha, wala msinipe siku za bure za chaneli za katuni kama mlivyomfanyia jirani yangu. Nataka sehemu ya tano irushwe upya saa tatu usiku ikiwa kamili. Kama hamwezi kurekebisha sauti ya Morse kwenye toleo la Kiswahili, basi irusheni kwa sauti yake ya asili na muweke maandishi ya Kiswahili chini ya skrini. Wengi wetu tunasoma. Sehemu ya mwisho irushwe, na itangazwe mapema. Tangazo la mwanamke wa gauni jekundu liondolewe, au lisemwe ukweli. Na nijulishwe kwa maandishi ni nani aliyeamua kukata dakika zile sita, na kwa mwongozo upi, maana kama ni mwongozo wa mamlaka nina haki ya kuuona, na kama ni wa idara ya matangazo ya biashara mnieleze hivyo hivyo.

Nisipopata jibu lenye saini ya mtu, si la mashine, barua hii itapelekwa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji, pamoja na kumbukumbu za simu na barua pepe nilizowatumia. Rekodi ya marudio ya sehemu ya tano ninayo, na muda ilipokatwa ile ya saa tatu nimeuandika, mkitaka kuzilinganisha.

Wenu katika matumaini ya majibu,

Mteja wenu,
Tanga.

Nakala: Kamati ya Maudhui, TCRA (itatumwa nisipojibiwa).