Kuonja uji ni kazi, ila majibu yarudi Iringa

Mhariri, kamwene.

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliuliza kwenye ukurasa huu, kwa kejeli, kwa nini kodi yake imsomeshe mtu shahada ya uzamili ya lishe na upimaji wa ladha ya chakula, aliyoiita ya "kuonja uji". Nilicheka. Kisha nikakumbuka soya yangu, kicheko kikaisha.

Nasindika unga wa lishe hapa Kihesa. Mwanzoni nilichanganya mahindi, ulezi, karanga na soya, maana mahindi yana laisini kidogo, moja ya vijenzi vya protini, na soya inaijazia. Kwenye karatasi unga wangu ulikuwa hauna mpinzani. Siku moja mama mteja akanirudishia pakiti iliyopungua vijiko viwili tu. "Dada, mtoto akiunusa anageuza shingo." Nikaukoroga, nikaunywa, sikuona kasoro. Kumbe nilikuwa nimeizoea ile harufu ya majani mabichi hadi pua yangu haiisikii tena.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa uzamili aliyekuja kufanya utafiti. Akanieleza kwamba soya ikisagwa bila kupikwa, kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili kilichomo, hukutana na mafuta yake na kuzaa ile harufu. Ukiitosa kwanza kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya kinakufa. Basi. Sufuria na kuni, jambo ambalo ningelifanya tangu mwaka wa kwanza kama kuna mtu angeniambia.

Halafu akawakalisha kina mama kwenye benchi langu. Kila mmoja vikombe vitatu vyenye namba tupu, 417, 862, 295: viwili vya unga mmoja, kimoja cha mwingine. Onja, sukutua kwa maji, onja tena, taja kilicho tofauti. Anayebahatisha hupatia mara moja katika tatu, kwa hiyo kijana alihesabu waliopatia aone kama wamezidi bahati. Baadaye wakatoa alama 1 hadi 9, kutoka "sipendi kabisa" hadi "napenda mno", kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya chakula cha askari wa jeshi la Marekani. Kina mama walivunjika mbavu kusikia hivyo. Lakini nyie, walionja kwa utulivu kuliko kanisani.

Na kwa nini wasiweze? Hapa mzee akigusisha tu ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mdomoni anajua umegemwa leo au juzi. Ila ulimi nao una mwisho wake: sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, haina ladha wala harufu, na mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara iliua watu waliokuwa wakila ugali wao wa kila siku. Ndiyo maana namtaka huyo "muonja uji" awe amesoma lishe na maabara pia, na hayo hayasomwi kwa semina ya siku mbili hotelini.

Msomaji wetu pengine hajui anaishi wapi. Miaka ya 1980 mkoa huu uliendesha mpango wa lishe ulioanza na vijiji 168, watoto wakipimwa uzito mbele ya kijiji kizima, na yaliyojifunzwa hapa yakachangia mfumo wa UNICEF wa mwaka 1990 unaotumiwa duniani kueleza chanzo cha utapiamlo. Leo? Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati taifa zima ni 30. Mikoa inayopakia mahindi kwenye malori kulisha wengine! Chakula tunacho. Kinachoingia mdomoni mwa mtoto, na kwa nini anakikataa, ndicho hatujakichunguza vya kutosha.

Kwa hiyo elimu hiyo iwepo, tena isogezwe huku. Masomo ya uzamili ya lishe na chakula yapo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro na chuo cha Nelson Mandela Arusha. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole wanaozalisha mbegu za maharage, tuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, na walaji wenyewe ndio sisi. Chumba cha kuonjea kinataka meza, vizuizi vya kutenganisha waonjaji, taa na maji safi. Sioni kwa nini kisijengwe hapa.

Nina dukuduku moja na hao wasomi. Yule kijana aliondoka na makaratasi yake, akahitimu, nasikia tasnifu iko kwenye rafu ya maktaba, kwa Kiingereza. Chuo chake sikitaji, maana nadhani vingi viko hivyohivyo. Naomba iwe sharti: kabla hujavaa joho, rudisha ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa waliokuonjea.

Soya siku hizi naichemsha. Lakini kina mama wakija kusaga bado wananiuliza, kile kikombe cha 862 kilikuwa unga wa nani, nami sina cha kuwajibu.

Msindika unga,
Kihesa, Iringa