Mstahiki Meya, kabla hamjaivunja Ngamiani

Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga,

Salaam nyingi kutoka upande wa pili wa reli.

Mimi ni fundi baiskeli, na nina fremu mbili mbele yangu asubuhi hii. Moja ya chuma, nimeigeuza miguu juu inasubiri rimu. Nyingine ndiyo hii ninayoilipia pango, mlango wa mbao na kibaraza, katika barabara za namba hapa Ngamiani. Ile ya chuma nikiikosea, atalalamika mteja mmoja. Hii ya pili ikikosewa utalia mtaa mzima, ndiyo maana nimeweka spana chini nikashika kalamu.

Habari ya barazani siku hizi ni moja: Ngamiani itajengwa upya. Kila mnywa kahawa ana ramani yake. Huyu ameona ghorofa, yule ameona jengo moja kubwa la kukusanya wafanyabiashara wote, na dalali wa jirani keshaanza kuulizia kilemba cha vyumba ambavyo havina hata msingi. Mimi ramani sijaiona, kwa hiyo silaumu mtu. Nawahi tu, maana kwetu mwananchi huitwa kutoa maoni wakati greda limeshawashwa.

Kwamba Ngamiani imechoka, hatubishani. Ila tuulizane imechoshwa na nini, kwani wengi wanadhani ni uzee wa nyumba. Nyumba hizi zilikuwa kuukuu hata wakati biashara imechangamka. Kilichotangulia kuondoka ni pesa ya mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa tani zipatazo 230,000. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na miaka ya 1990 tulikuwa tunahesabu tani 20,000 hivi. Kibarua wa shamba aliyekuwa akishuka mjini mwisho wa mwezi kununua shuka, sufuria na tairi la baiskeli hakuja tena. Viwanda navyo vikafunga, cha mbolea kikiwa kimoja wapo.

Halafu ikaondoka stendi. Mabasi yalipokuwa yakipakia pale Barabara ya Taifa na Barabara ya 12, abiria alilazimika kutupitia. Alikuwa na nusu saa ya kupoteza, na nusu saa ya abiria ndiyo iliyowalisha muuza maji, muuza kofia, mama wa chapati na mimi. Sasa anashuka kwenye stendi ya Kange, anapanda bajaji, anapita. Watu wa Tanga tunajisifia ule msemo wa waja leo waondoka leo. Kwa Ngamiani ya sasa, hata kuja hawaji. Siombi stendi irudi. Mabasi makubwa yale yalikuwa yanatukaba koo, na Kange yana nafasi. Nasema tu kwamba ilipohamishwa, hakuna aliyejiuliza mtaa huu utapata wapi wapita njia wengine.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kibaraza.

Nyumba za zamani za hapa zilijengwa na baraza mbele, na paa lililotoka nje kulifunika. Ukitembea saa saba mchana, unatoka kivuli cha huyu unaingia kivuli cha yule, na kila kivuli kina bidhaa. Mtu hanunui akiwa amekunja uso kwa jua. Hununua akisimama, na husimama penye kivuli. Sasa nenda ukahesabu baraza zilizobaki wazi. Mwenye nyumba amezungushia ukuta, ametia nondo, kibaraza kimekuwa fremu nyingine ya kupangisha. Simlaumu, kodi ya mpangaji mmoja zaidi ni ada ya mtoto. Lakini kila mmoja amefanya hesabu yake peke yake, na sote kwa pamoja tumemtupa mteja barabarani, bajaji zinampigia honi, na masika yakija anakuta mtaro umejaa mifuko na maji meusi. Mteja huyo hatarudi eti kwa sababu tu mmemjengea ghorofa.

Kwa hiyo, Mstahiki, kabla ya tofali lolote naomba mitaro izibuliwe na kufunikwa, ili mfuniko wake uwe njia ya miguu. Naomba miti, mikungu au mwarobaini, inayoweza kumfunika mtu na baiskeli yake. Na kwa sababu kibali cha ujenzi kinatoka kwenu, wekeni sharti: anayejenga au kukarabati aache baraza wazi mbele, pana kiasi cha watu wawili kupishana wakiwa na vikapu. Akiacha, mruhusuni aongeze chumba juu. Mwenye nyumba haelewi lugha ya urithi na utalii, ila ya chumba cha juu anaielewa vizuri sana.

Jambo la kuta nalo nisilipite. Nyingi kati ya nyumba hizi ni za udongo, boriti na chokaa. Mafundi wa sasa wanazipaka saruji juu, zinapendeza mwaka mmoja, kisha plasta inavimba na kuanguka vipande vipande. Chokaa hupumua, saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta. Saruji tunayo Pongwe, najua, na mifuko ipo kila duka. Lakini chokaa nayo inachomwa hapa hapa Tanga, na wazee wanaojua kuipiga bado wapo wachache. Wapeni vijana wa chuo cha ufundi cha VETA kila mmoja ukuta wa kujifunzia kabla wazee hao hawajatutoka. Nyumba ambayo ukuta wake umebonyea hadi boriti zimeoza, hiyo vunjeni. Si kila kuukuu ni urithi.

Ninaloliogopa zaidi ni kuhamishwa. Niliwahi kufanya kazi katika mji mwingine, tukaambiwa tupishe ukarabati miezi sita. Miezi sita ikawa miaka, na mlango ulipofunguliwa orodha ya majina ilikuwa mpya na pango limepanda mara tatu. Dar es Salaam, Machinga Complex ya Ilala ilisimama miaka na vizimba vitupu, kwa sababu mteja hapandi ngazi kufuata soksi. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na waliokuwemo wanajua walivyosubiri kurudi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataja fidia ya usumbufu na ya faida iliyopotea. Mpangaji asiye na hati atahesabiwaje? Jengeni kipande kwa kipande, barabara moja ikiisha ndipo mhamie nyingine, na kabla mtu hajatoa kufuli lake apewe karatasi yenye jina lake, namba ya fremu atakayorudia na pango lake.

Fedha, utasema. Bandari yetu imetengenezwa kwa shilingi bilioni 429.1, imepata gati la mita 450, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 linaishia Chongoleani. Watu wa kazi hizo wanakula na kununua mahali fulani, pawe hapa. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nami nimezidi umri na sina kingine, lakini binti anayekaanga mihogo kwenye kibaraza changu angeweza kuanzia hapo.

Tafadhali njoo mwenyewe, si Jumapili na si kwa gari. Njoo saa saba mchana, uanzie stesheni, utembee mpaka Taifa, uhesabu hatua ulizopata kivuli. Ukichoka kutembea, nina baiskeli ya kukuazima. Shika breki ya nyuma, ya mbele bado sijaitengeneza.

Fundi wako,
Ngamiani, Tanga