Hamatia ya Oedipus si kiburi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaofundisha tanzia ya Kigiriki. Wanafunzi wengi huandika kwamba Oedipus, mfalme katika tamthilia ya Sophocles, aliangushwa na kiburi, na husahihishiwa kuwa wamepata. Mwanafalsafa Aristotle hakusema hivyo. Katika kitabu chake kuhusu ushairi, sura ya 13, shujaa wa tanzia huanguka kwa hamatia, yaani kosa kubwa, si kwa uovu. Oedipus alimuua Laius kwenye njia panda bila kujua ni babaye, akamwoa Jocasta bila kujua ni mamaye. Hasira anayo, tena haijifichi. Lakini hata angekuwa mpole kiasi gani, upole usingemjulisha wazazi wake.

Tatizo huanzia pale istilahi zinapokaririwa kabla ya tamthilia kusomwa. Mwanafunzi aigawe kwanza: prologo, kabla korasi, yaani kundi la waimbaji, haijaingia, parodo, wimbo wa kuingilia, kisha vipindi vya mazungumzo vinavyopishana na stasimo, nyimbo za korasi ikiwa uwanjani, mwisho eksodo, sehemu ya kumalizia. Ndipo atafute istilahi ndani ya matukio.

Atulie hasa kwa mjumbe wa Korintho. Oedipus alitabiriwa kwamba atamuua babaye na kumwoa mamaye. Mjumbe analeta habari kwamba Polybus, mfalme wa Korintho, amefariki, na Oedipus anashusha pumzi, maana anamdhani ndiye babaye. Bado anaogopa kumwoa mamaye. Mjumbe, kwa nia ya kumtoa hofu, anamwambia Polybus na mkewe Merope hawakumzaa. Neno la kumtuliza ndilo linaloanza kumwangamiza. Hiyo ndiyo peripetia, yaani mgeuko wa mambo, na Aristotle mwenyewe ametumia mfano huu. Balaa la ghafla peke yake halitoshi. Lazima tendo lizae kinyume cha lililokusudiwa.

Anagnorisi, yaani utambuzi, haiwafikii wote pamoja. Jocasta anang'amua kwanza, anamsihi mumewe aache kuuliza, kisha anaingia ndani. Oedipus anang'amua baadaye, mchungaji aliyepewa amtupe alipokuwa mchanga anapobanwa aseme. Mtihani usiouliza tofauti hiyo unaacha sehemu bora kabisa ya tamthilia.

Kuhusu katasisi, yaani kile tanzia inachofanya kwa huruma na hofu, tusidai jibu moja. Aristotle anaitaja katika fasili ya tanzia, sura ya 6, bila kuifafanua, na wataalamu hadi leo wanabishana kama hisia hutakaswa au hutolewa. Mwanafunzi anayetaja huruma na hofu, akaonyesha mistari inayoziamsha, apewe alama zake.

Mwalimu wa fasihi,
Morogoro