Wanawake wa Micheweni hatukukosa mwamko

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Gazeti lako nalisoma tangu niko skuli na sijapata kukuandikia. Lakini ile habari ya semina ya wanawake na mtandao iliyofanyika Chake Chake imenikaa rohoni, nikaona nikinyamaza na hii nitakuwa nimekubali. Mliandika kwamba wanawake wa shamba walijitokeza wachache, na afisa mmoja akasema tatizo letu ni kukosa mwamko, ndiyo maana kazi za mtandaoni zinatupita.

Mimi ni mkulima wa mwani. Semina ile iliwekwa saa tatu asubuhi, siku mbili baada ya mwezi kuandama. Mtu aliyezaliwa kisiwani hahitaji kuelezwa kuwa hilo ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Maji yanakupwa baina ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na hizo ndizo saa zetu za kuingia shambani, kufunga mbegu, kukaza vigingi na kuvuna kabla bahari haijajaa. Bamvua ni mbili tu kwa mwezi. Aliyetuita hotelini siku ile alituita tuache ada za watoto ziozee majini, kisha tusipokwenda anatuandika gazetini.

Nikueleze yaliyonifika mwenyewe. Ilipotangazwa laini zisajiliwe kwa alama za vidole, na mwisho ukawekwa Januari 20, 2020, nilipanda gari mara tatu kwenda kwa wakala. Kidole gumba cha kulia, mashine ikakataa. Cha kushoto, ikakataa. Yule kijana akanifuta kwa kitambaa, akaniambia nikanawe kwa sabuni, nikarudi, akajaribu vyote kumi. Miaka ishirini na kitu ya kamba za nailoni na maji ya chumvi, na kusuka ukili nyumbani usiku, imevisugua vidole vyangu hata vikawa laini kama ndani ya kombe la pwani. Mwisho akaniuliza, "Mama, huna mtoto wa kiume akusajilie?" Laini yangu ikaandikwa jina la mwanangu. Nikaona si kitu, maadamu simu inapiga. Mwaka jana kikundi chetu cha sabuni za mwani kikaambiwa fomu za mkopo hazitolewi tena kwa karatasi, ni mtandaoni tu, na mwisho ni Ijumaa saa sita usiku. Mimi ndiye katibu. Ndani ya nyumba yangu mtandao haukamati, lazima utoke hadi kwenye mnazi wa karibu na msikiti, usimame umeelekea kusini. Nilisimama pale tangu baada ya Isha kwa simu ya tachi ya kuazima, nimetia laini yangu ndani, mtoto wa jirani ananimulikia tochi. Bando la shilingi 1,000 likaisha sijafika ukurasa wa pili, nikatia jengine. Nilipoandika namba ya simu yakatokea maandishi mekundu: jina halilingani na usajili wa laini. Mwenye jina ni mwanangu, na mwanangu yuko dago, kambi ya wavuvi, pwani ya Kenya, hajulikani atarudi bamvua gani. Nilikaa chini pale pale mchangani. Wanawake kumi na wanne walikuwa wanasubiri niwaambie "tayari", na asubuhi yake nilipita mlango kwa mlango kuwaambia kuwa fomu imekataa kwa sababu katibu wao hana vidole.

Nani kati yetu aliyekosa mwamko hapo?

Waya wa umeme ulipovutwa chini ya bahari kutoka Tanga ukafika Pemba mwaka 2010, hatukuitwa semina ya mwamko wa friji. Wanawake walianza wenyewe, huyu barafu za ukwaju, huyu juisi, huyu cherehani ya umeme. Kitu kikifika mkononi tunajua la kukifanyia. Na nyaya za intaneti zilipokatika baharini Mei 2024, watu wa mjini walilalamika kuwa kazi zao zimesimama, wakasikilizwa, na ilikuwa haki yao. Kwetu hali ile ni ya kila wiki. Nyumba nyingi zina simu ya tachi moja, nayo inatoka asubuhi na baba. Msichana aliyemaliza skuli anaiona saa mbili usiku, wakati huo tangazo la kazi limeshafungwa.

Na maadamu nimeshika kalamu, niseme na la mizani. Mwani wetu unakwenda ng'ambo, unatolewa karajinani, kitu cha kuleta uzito kinachotiwa katika dawa za meno na aiskrimu, lakini bei sisi tunaisikia siku gari linapofika. Kotoni, aina ya mwani iliyokuwa na bei nzuri, inakufa kwa joto la maji, tumebaki na spinosamu, aina nyingine ya bei ya chini. Halafu mnunuzi ananing'iniza mizani yake mwenyewe na kusoma mwenyewe. Kiroba nilichokipima nyumbani kilo 30, kwake kilisoma 26. Lau simu ingekamata pale pwani, ningempigia mwenzangu wa Paje, Unguja, nijue huko wanalipwa ngapi kabla sijafungua mdomo.

Ninachotaka ni hiki. Fomu ya karatasi iwepo katika kila ofisi ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa, ipokewe sawa na ile ya mtandaoni. Ambaye vidole vyake vimekwisha kwa kazi atambuliwe kwa barua ya sheha, maana sheha wangu ananijua tangu nazaliwa. Mnara ujengwe unaofika pwani tunakofanyia kazi, usiishie barabarani. Maombi yafungwe saa kumi alasiri, si usiku wa manane. Na semina zipangwe maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana, ziletwe huku Micheweni, hata chini ya mwembe. Mkeka tutatandika sisi.

Mwambieni yule afisa maji mafu yanaingia siku ya nane au ya tisa tangu mwezi kuandama. Siku hizo tuko nyumbani.

Mkulima wa mwani,
Micheweni, Pemba