Kikao cha Jumamosi, na hizi picha za matangazo

Habari za jioni ndugu zangu. Kikao kiko palepale Mnazi Mmoja, saa 4 asubuhi. Tutaongelea Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaozitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu kuwekwa kwenye nukta nundu (maandishi ya kusoma kwa vidole) au sauti kwa ajili ya wasioona, bila kibali cha mwenye hakimiliki. Kuna wanaouita wizi. Waje tubishane.

Halafu hapa nalalamika kidogo: jana tangazo lilitumwa kama picha. Simu ya mwenzetu asiyeona, inayomsomea maandishi kwa sauti, ikamsomea "picha", basi! Akanipigia kuuliza kikao ni lini. Andikeni maneno yenyewe jamani. Hata PDF iliyoskaniwa tu ni picha ileile.

Wa Mbagala tokeni mapema, foleni mnaijua.