Barua kwa mwanangu Nyamizi, kabla hujapanda basi

Nansio, Jumapili jioni

Mwanangu Nyamizi,

Salaam nyingi kwako, kwa mkwe wangu na kwa mume wangu mdogo, mjukuu Masanja. Huku hatujambo, isipokuwa goti, nalo umelizoea.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu kila nikikaribia jambo lenyewe unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao. Isome yote kisha uitie kwenye faili la mtoto pamoja na picha za MRI, maana kuna mahali utalazimika kumsomea daktari.

Ulinieleza walichopanga madaktari wa Dar kwa bega la kulia la Masanja, lililogeukia ndani kwa sababu neva za shingo zilivutwa alipozaliwa: kulegeza msuli wa mbele ya kombe la bega na kuhamisha kano mbili zinazotoka mgongoni. Nikakuuliza, baada ya hapo mkono utafika kitovuni? Ukanijibu, "Mama, wao ndio wanaojua." Wanajua, sikatai. Wewe umeuliza?

Hesabu kwa vidole. Misuli mikubwa inayogeuza mkono kwa ndani ni minne: sabskapularisi iliyojibana kati ya kombe na mbavu, pektoralisi ya kifuani, latisimasi ya mgongo mpana, na teresi meja chini ya kwapa. Upasuaji huu unazing'oa kano za latisimasi na teresi meja pale zilipoota kwenye mfupa wa mkono, unazizungusha kwa nyuma na kuzishona juu ya bega, ili kazi yao sasa iwe kugeuza mkono nje. Mbili zimeondoka. Sabskapularisi inalegezwa, hiyo ya tatu imepungua nguvu. Amebaki pektoralisi. Daktari akimkata na huyo kwa kuona bega bado gumu, nani atauleta mkono tumboni? Utaniletea mtoto anayepunga mkono juu vizuri, kila mtu anasifia, lakini hawezi kufunga kifungo, hawezi kupandisha kaptula, na akikaa darasani daftari liko mbele yake mkono uko pembeni. Na ni mkono wake wa kulia.

Kwa hiyo maswali ni haya. Sabskapularisi ataibandua kutoka kwenye kombe na kuiacha iteleze, au ataikata kano yake kwa mbele? Kuibandua huacha kano ikiwa imeshika mfupa wa mkono. Kuikata moja kwa moja kwa mbele ndiko kunakoweza kuacha mkono umegeukia nje na hautaki kurudi. Akisema ataikata, muulize kama ataishona tena ikiwa ndefu zaidi. Pili, pektoralisi ataigusa? Tatu, zile kano mbili atazishona kwa kuzivuta kiasi gani? Zikivutwa mno, matokeo ni yale yale. Nne, kabla hajafunga kidonda, mtoto akiwa bado usingizini, ataurudisha mkono tumboni kuona kama unafika? Daktari mzuri hachukii maswali haya.

Baba mkwe wako anasema mjukuu anafanyiwa majaribio. Mwambie kwa heshima kwamba njia hii ni ya zamani: daktari Sever alieleza kulegeza misuli ya mbele mwaka 1918, L'Episcopo akaandika kuhusu kuhamisha kano mwaka 1934, na Hoffer akairekebisha njia hiyo kuwa karibu na hii ya leo mwaka 1978. Kinachobadilika ni kiasi cha kukata, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Ripoti yako inasema aina ya III ya Waters, yaani mpangilio wa kueleza bega limeharibika kiasi gani. Maana yake kichwa cha mfupa wa mkono kimeanza kusogea nyuma, ila hakijajichongea kibakuli cha uongo nje ya kile cha kombe kinachokishika. Hiyo ingekuwa aina ya IV. Kwa mtoto wa miaka 2 na miezi 5 kibakuli bado ni gegedu kwa sehemu kubwa. Kichwa kikirudishwa katikati, kibakuli kina nafasi ya kujichonga upya kadiri anavyokua. Ndiyo maana sitaki mwahirishe hadi mavuno, kama mkwe wangu alivyopendekeza. Mtoto akikua na kiungo kikaharibika kabisa, huwa hawagusi tena kiungo chenyewe: wanakata mfupa wa mkono, wanauzungusha nje, wanaweka bamba na skrubu. Mkono unakaa sehemu nzuri zaidi, bega linabaki bovu.

Uliniuliza imekuwaje hadi mfupa ukasogea wakati kiwiko kilishaanza kukunja akiwa na miezi minne. Ndiyo, kilikunja, tukashangilia kiwiko. Mizizi ya neva ya tano na ya sita ya shingo ilivutwa wakati wa kuzaliwa, na misuli inayogeuza mkono nje hutegemea hiyo. Inayogeuza ndani, mingi, hupata neva na kwenye mizizi ya chini pia, kwa hiyo ikabaki na nguvu na kuushinda upande wa pili. Tena msuli uliokosa neva utotoni haukui urefu unaotakiwa. Mfupa unarefuka, wenyewe unabaki nyuma. Bega likavutwa ndani mwezi hadi mwezi. Dalili ya kwanza haikuwa kwenye kiwiko wala vidole. Ilikuwa pale mkono ulipokuwa ukigeuzwa nje na mtu mwingine ukaanza kukataa.

Na hapa niseme jambo la kupima, kwa sababu utaendelea kupima baada ya upasuaji. Mtoto alale chali. Kiwiko kikunjwe, kibane ubavuni. Kiganja chako kimoja kishike kombe la bega kwa nguvu, kidole gumba mbele, vingine nyuma. Mkono mwingine ugeuze kigasha nje polepole. Kigasha kikielekea dari moja kwa moja, andika sifuri. Kikilala hadi kugusa godoro, andika 90. Usiposhika kombe, kombe lote linazunguka na mkono unaonekana umekwenda wakati bega halijasogea hata kidogo. Zile nyuzi 50 zilizoandikwa kwenye daftari lako Krismasi ile mlipokuja kisiwani, nyingi zilikuwa za kombe. Mwandiko unaujua, ni wangu. Miaka 31 kwenye chumba cha mazoezi ya wagonjwa, halafu kwa mjukuu wake mtu anapima kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine umeshika kikombe cha uji.

Daftari lenyewe lakini umelitunza vizuri mno. Kila tarehe 1, nyuzi, na mstari mmoja wa maelezo. Wapo wauguzi wasioandika hivyo. Ukienda nalo daktari atakuheshimu, kwa hiyo usilifiche kwenye pochi kama unavyoficha mkono wa mtoto ndani ya khanga kila ukipiga picha. Niliiona ile ya harusi.

Waombe wampime kwa Mallet, kipimo cha kazi ya bega, kabla na baada. Kwa umri wake ataelewa nusu ya maagizo, wamchezee kwa pipi. Kipimo cha asili kina mambo matano: kuinua mkono, kugeuza nje, kufika shingoni nyuma, kufika mgongoni, kufika mdomoni, kila kimoja alama 1 hadi 5. Kitovu hakimo. Kiliongezwa baadaye kuwa cha sita. Waambie wakiandike hicho cha sita, na wasipokuwa na fomu yake kiandike wewe mwenyewe: kiganja kinalala juu ya kitovu, kifundo cha mkono kimenyooka, ndiyo au hapana. Kifundo kikijipinda ndipo kiganja kifike, hiyo ni hapana.

Kabla ya dawa ya usingizi wahakikishe wamempima selimundu. Kanda yetu hii ya Ziwa ina wengi wanaobeba, na mtu wa usingizi anatakiwa ajue mapema, si akiwa ameshashika barakoa. Wapime na malaria na wingi wa damu. Akiwa na kikohozi au homa usifiche eti kwa kuogopa tarehe kusogezwa. Maziwa na chakula visimame kwa muda wa saa 6 kabla ya usingizi, maji matupu muda wa saa 2, au kama watakavyokuandikia wao. Bibi yake mwingine asimpe chapati kwa huruma. Namjua.

Atatoka na hogo, ile plasta ngumu, la kiunoni hadi mkononi, mkono umeinuliwa kama askari wa barabarani anayesimamisha gari. Wiki 4 hadi 6. Wiki ya kwanza kila baada ya saa chache bonyeza kucha zake kisha uachie: wekundu urudi ndani ya sekunde 2 hivi. Vidole vikiwa vya baridi, vimevimba, vimepauka au havichezi, rudi hospitali usiku huo huo, usingoje kliniki. Harufu mbaya ndani ya hogo au homa, vivyo hivyo. Likimuwasha, usimpe kijiti wala sindano ya kufumia. Mpepee kwa ungo. Mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo likijaa hogo halipanuki. Wakati wa kurudi Mwanza lipia viti viwili, umkalishe dirishani upande wa kushoto wa basi, ili mkono uelekee kwako na sio kwenye njia ya kondakta. Bodaboda hapana kabisa.

Hogo likitoka, atalia na mkono utakuwa mgumu kama mwiko. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Atavaa banzi la usiku kwa miezi, sawa, la kulinda ile kugeuka nje waliyoitafuta. Lakini wakishakuruhusu kuanza mazoezi, mchana umrudishe na ndani, polepole, bila kuvuta: kiganja kitovuni, kijiko mdomoni, kushika mpira kwa mikono miwili. Mazoezi ya nje peke yake yatamkosesha kitovu hata kama daktari hakukosea chochote. Na neva ni zile zile. Upasuaji huu haukuzigusa, usimkaripie akichelewa.

Mambo mengine. Mpangaji wa chumba cha nyuma amelipa miezi miwili, nimekutumia nusu, usimwambie kaka yako. Yeye bado ana deni langu la nyavu. Mchungwa ule wa karibu na choo umezaa hadi tawi limekatika. Kuku watatu wamekufa na mdondo, wale wa kienyeji weupe. Nilitaka nije Dar nikae nawe wodini, goti likakataa kupanda ngazi za meli, basi. Mwambie mkwe wangu alale wodini angalau siku mbili, asikuachie peke yako kwa kisingizio cha kazi.

Ukimwona daktari, kabla hujasaini fomu, muulize la kitovu. Ukishamuuliza nitumie ujumbe, hata neno moja.

Barua hii nampa kijana wa meli ya asubuhi pamoja na mfuko. Ndani kuna michembe, machungwa, dagaa wa kukaanga kwenye kopo, na mashati mawili ya Masanja niliyoyapasua ubavu wa kulia hadi kwenye mkono nikatia kamba za kufungia, yapite juu ya hogo. Lile la bluu kamba moja ni fupi, kitambaa kiliniishia. Ongezea utepe wowote utakaoupata.

Mama yako